Ulimi mzito si lutuku: Kolwezi ianze kuhifadhi sauti za wagonjwa wake

Katika mitaa ya Manika na Dilala, mtu ambaye maneno yameanza kumshinda hapewi muda mrefu wa kueleweka. Wa kwanza kumsikia wanasema amekunywa lutuku. Wakijua kwamba hanywi, wanasema amepewa sumu kazini. Miezi ikipita na sauti ikizidi kuanguka, familia inaanza kutafuta aliyemroga, na mara nyingine kidole kinaelekezwa kwa mtoto wa nyumbani. Wakati huo wote mgonjwa anaelewa kila neno linalosemwa juu yake. Kujibu ndiko hawezi.

Sababu za ulimi kuwa mzito ni nyingi. Iliyo ya kawaida kabisa ni damu kupanda mpaka mshipa wa kichwani unaziba au kupasuka, ile ambayo kila familia ya mjini inaijua kwa herufi tatu za Kifaransa, AVC. Lakini iko nyingine isiyojulikana sana, ambayo haiji kwa siku moja. Wanganga waliosomea Kifaransa wanaiita SLA, ama ugonjwa wa Charcot, kwa jina la Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière huko Paris aliyeueleza kuanzia mwaka 1869. Chembe za neva zinazopeleka amri kutoka ubongo na uti wa mgongo kwenda kwenye misuli zinakufa moja baada ya nyingine. Msuli usiopata amri unakonda, unatetemeka chini ya ngozi, kisha unalala. Kwa wagonjwa wengi mambo yanaanza mkononi ao mguuni: kikombe kinaanguka, mguu unakokota. Kwa karibu mmoja kati ya wanne yanaanza mdomoni na kooni, na huyo ndiye anayeitwa mlevi.

Dawa ya kuuponya haipo. Riluzole, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1995, inaongeza miezi michache tu. Wengi wanafariki kati ya mwaka wa pili na wa tano tangu dalili ya kwanza, pale misuli ya kupumua inapochoka. Mwanafizikia Stephen Hawking, aliyeambiwa ana ugonjwa huo mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 21, aliishi mpaka 2018, lakini yeye ni mmoja kati ya wachache sana. Sauti yake mwenyewe ilimtoka kabisa mwaka 1985, na ile ambayo dunia nzima ilizoea kuisikia ilikuwa ya mashine, yenye lafuzi ya Marekani ingawa yeye alikuwa Mwingereza.

Sasa kuna mashine za namna nyingine, zinazosikiliza. Na hapo ndipo jimbo la Lualaba lina jambo la kuamua.

Mgonjwa wa SLA anapofika kliniki ya Ulaya ao Marekani, daktari anajaza karatasi yenye maswali 12, na jumla ya alama ni 48. Swali moja linahusu kusema. Nne maana yake anasema sawasawa. Tatu, kuna kasoro inayosikika. Mbili, anaeleweka akirudia. Moja, anachanganya maneno na ishara. Sifuri, hasemi tena. Ngazi ni tano tu. Mtu anaweza kukaa kwenye ngazi ya tatu kwa miezi mingi huku sauti yake ikiharibika kila wiki, na karatasi haioni kitu. Isitoshe, kliniki yenyewe anaifikia kila baada ya miezi mitatu hivi, akiwa na bahati.

Watafiti wakajiuliza kama simu haiwezi kufanya kazi hiyo kati ya safari moja na nyingine. Mgonjwa anasoma sentensi chache nyumbani, anashika sauti ya « aaa » mpaka pumzi imwishie, anarudia « pa-ta-ka, pa-ta-ka » kwa haraka kadiri anavyoweza. Programu inapima urefu wa vituo kati ya maneno, kasi ya silabi, mtetemo wa sauti, na jinsi ulimi unavyochelewa kutoka herufi moja kwenda nyingine. Inapewa kwanza rekodi za wagonjwa wengi pamoja na alama walizopewa na madaktari, ili ijifunze yenyewe ni mabadiliko gani yanaendana na alama zipi. Kisha ikipewa rekodi mpya, inatoa hesabu yake. Kazi ya namna hiyo imekuwa ikiendelea kwa miaka sasa. Taasisi ya ALS TDI ya Marekani ilikusanya sauti za wagonjwa, na kampuni ya Google ikaanzisha mwaka 2019 mradi wake wa Euphonia ili simu zielewe watu ambao kinywa kimekuwa kizito. Mpaka mwaka 2021 mradi huo ulikuwa na rekodi zaidi ya milioni moja. Mwaka 2022 chuo kikuu cha Illinois kilianzisha mkusanyo mwingine pamoja na Amazon, Apple, Google, Meta na Microsoft.

Rekodi hizo zilianza kwa Kiingereza. Na msomaji wa Kolwezi anayefikiri kwamba lugha si kitu, kwa sababu ugonjwa ni uleule, achunguze mfano mmoja tu.

Wataalamu wa kusema wanaowasaidia wagonjwa wa SLA wana kipimo wanachokiamini sana. Mtu mzima mwenye afya anasoma Kiingereza kwa kasi ya maneno 190 hivi kwa dakika. Kasi ikishuka mpaka karibu na 125, wanajua kwamba siku za kueleweka zinahesabika, na ndiyo saa ya kumtayarishia njia nyingine ya kuongea. Ni kipimo kizuri, kinaokoa muda. Lakini sasa chukua neno « hatutawasumbua ». Kwa Kiswahili ni neno moja lenye silabi saba. Kwa Kifaransa, « nous ne les dérangerons pas », ni maneno matano. Mtu wa Kolwezi aliye mzima kabisa, akihesabiwa kwa maneno, ataonekana amekwisha kufikia hatari. Itabidi kuhesabu silabi, na kabla ya kuhesabu itabidi kujua mtu mzima wa Kolwezi anatoa silabi ngapi kwa dakika. Hesabu hiyo haitapatikana Boston. Inatoka sokoni, kanisani, kwenye kituo cha magari ya kwenda Likasi.

Na Kiswahili chenyewe ni kipi? Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ambao tangu mwaka 2021 ulipata msaada wa pesa kwa ajili ya Kiswahili, umekusanya sauti nyingi, na kazi hiyo ni ya kushukuru. Shirika la Translators without Borders nalo lilishughulika na Kiswahili cha Kongo, na mwaka 2020, wakati wa Korona, lugha hiyo iliingia katika mkusanyo wa tafsiri za habari za ugonjwa. Lakini mashine nyingi zinazojua Kiswahili zimefundishwa zaidi na watu wa Nairobi na Dar es Salaam. Huko wanasema « mtoto » na « vitu ». Kolwezi mtu anasema « mutoto » na « bitu ». Anaongeza irabu pale mashine isipoitegemea, anaingiza neno la Kifaransa katikati ya sentensi, halafu anamalizia kwa Kisanga ao Kiluba kwa sababu shemeji ameingia. Mashine ya kigeni itasikia irabu za zaida na vituo visivyo vya kawaida, na itaandika: kasoro. Mwenye kasoro atakuwa mji mzima.

Kuna kosa lingine lililo baya kuliko hilo, nalo ni kumpima mtu kwa Kifaransa kwa sababu karatasi ya hospitali imeandikwa kwa Kifaransa. Fundi wa kujenga aliyeacha kelasi mwaka wa nne wa msingi atasoma pole pole, atasita, atarudia. Ndivyo kila mtu anavyosoma lugha asiyoizoea. Programu haijui kutofautisha neva iliyokufa na masomo yaliyokatika.

Hayo yote yanaweza kufanya mtu aseme: basi jambo hili si la Kolwezi, liachwe kwa wenye nalo. Lakini ndani ya shida hiyo kuna mlango. Mashine inapata taabu kubwa inapolazimika kusema kama mtu asiyemjua ni mgonjwa ao mzima. Inapata taabu ndogo inapomlinganisha mtu na yeye mwenyewe. « Pa-ta-ka » ya mwezi wa kwanza na « pa-ta-ka » ya mwezi wa sita zinatoka kinywa kimoja, lafuzi moja, simu moja. Zikihesabiwa, tofauti inaonekana bila kuuliza mtu huyo ni wa kabila gani. Kwa hiyo kinachotakiwa kwanza ni rekodi ya mapema, kabla mambo hayajaharibika. Na wakaaji wengi wa mjini tayari wanayo bila kujua: ni zile sauti wanazotumiana kwa WhatsApp kila siku. Simu ya mke ina miezi na miezi ya sauti ya mume akiuliza kama maji yamefika. Siyo rekodi safi, kwa sababu programu hiyo inaifinya sauti ili isile megabaiti nyingi, lakini kwa kuhesabu kasi na vituo inatosha kumpa daktari picha ya kule mgonjwa alikotoka.

Kwa nini kasi ya kuharibika ni muhimu namna hiyo? Kongo yenyewe ina jibu, na ni la zamani. Kule Kwango, hasa upande wa Kahemba, kuna ugonjwa uitwao konzo, ambao nao unapiga neva za kuendesha misuli. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938, na jina lenyewe limetoka kwa Wayaka, likimaanisha miguu iliyofungwa. Unatokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, pale njaa ao haraka ya kuuza inapofupisha siku za kuloweka, na chakula kingine cha kujenga mwili hakipo. Mtoto analala mzima, anaamka miguu imekakamaa. Kwa walioshikwa sana, hata kusema kunaharibika. Profesa Désiré Tshala-Katumbay, Mkongomani anayefundisha Marekani huko Oregon na kufanya kazi na INRB ya Kinshasa, ametumia miaka mingi kuuchunguza. Sasa tofauti iko hapa: konzo inapiga mara moja kisha inasimama. Miaka kumi baadaye kilema ni kilekile. SLA haisimami. AVC nayo inapiga kwa saa chache, halafu mara nyingi sauti inaanza kurudi kidogo kidogo. Ugonjwa wa Parkinson unaishusha sauti kwa miaka mirefu. Mtu mwenye rekodi za miezi sita anaonyesha mstari unaopanda, unaolala ao unaoshuka, na mstari huo unamsaidia munganga hata pale ambapo hakuna mashine ya kupiga picha ya ubongo karibu. Anayepata rekodi hizo akiwa Kolwezi anaweza kumtumia daktari wa neva wa Lubumbashi, ao wa CNPP ya Kinshasa, bila kwanza kumbeba mgonjwa kilomita 300 za barabara.

Jambo la kazini nalo lisemwe wazi, kwa sababu uvumi hauchelewi. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba kobalti ao shaba inaleta SLA. Anayemwambia mjane kwamba mgodi ndio uliomuua mume wake kwa ugonjwa huo anamwambia kitu asichokijua. Lakini wakaaji wa Kolwezi wana sababu ya kutokuamini. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, walionyesha kwamba watu wa Kasulo, mtaa ambao madini yamechimbwa chini ya nyumba, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kupita majirani wao, na watoto kupita wote. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Lubumbashi ulikuta kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya migodi walizaliwa na vilema mara nyingi zaidi. Na mangani, ambayo Lualaba inayo kule Kisenge, inajulikana duniani tangu zamani kwamba vumbi lake linaweza kuharibu mwendo na sauti: daktari John Couper aliandika juu ya wasaga mangani wa Scotland mwaka 1837. Mtu aliyefanya kazi kwenye vumbi la namna hiyo, akianza kunong'ona bila kutaka, anastahili kuchunguzwa na mtu anayejua maswali ya kuuliza. Kuandikisha sauti kwa miaka kungesaidia hata kumaliza ubishi huo, upande mmoja ao mwingine.

Hapo linaingia swali gumu kuliko yote: sauti hiyo ikishaandikwa, ni ya nani?

Chukua dereva wa lori kubwa kwenye mgodi mmoja. Anaandikisha sauti yake kwa sababu daktari amemwomba. Programu inaona kwamba ulimi umeanza kuchelewa, mapema kuliko sikio la mtu yeyote. Kama habari hiyo inafika kwa daktari peke yake, dereva anapata miezi ya kujitayarisha. Kama inafika kwenye ofisi ya wafanyakazi, anapata barua ya kuachishwa, kabla hata hajajua jina la ugonjwa wake. Sheria ya dijitali ya inchi, ile ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inaweka kanuni juu ya data za watu. Hiyo ni hatua. Lakini sheria iliyoandikwa Kinshasa hailindi simu iliyoko Luilu kama hospitali inayokusanya sauti inalipwa na mgodi, na kompyuta inayozihifadhi imefungwa kwenye jengo la mgodi. Lualaba ina kliniki nyingi za makampuni, na zimeokoa maisha ya watu wengi. Kwa kazi hii haziwezi kuwa mlinzi wa ghala. Rekodi zikae kwenye hospitali ya serikali na chuo kikuu, mgonjwa awe na haki ya kuzifuta, na aambiwe hivyo kwa Kiswahili anachoongea nyumbani, kwa mdomo. Fomu ya kurasa sita kwa Kifaransa haitoshi.

Tena kuna wageni. Makampuni ya simu yanatafuta sauti za Afrika kwa bidii siku hizi, na si vibaya. Ghana, watafiti wa chuo kikuu cha huko pamoja na University College London wamekusanya sauti za watu wenye shida ya kusema kwa lugha ya Akan. Ni mfano ambao Lubumbashi inaweza kuufuata kesho. Lakini watu wa Lualaba wanayajua baadhi ya majina hayo kwa njia nyingine. Mwezi wa kumi na mbili 2019, familia za Kikongomani zilishtaki huko Washington Apple, kampuni mama ya Google, Microsoft, Dell na Tesla juu ya watoto walioumia ao kufa kwenye mashimo ya kobalti. Mahakama iliitupa kesi mwaka 2021, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwezi wa tatu 2024: kununua kobalti kupitia mlolongo wa dunia nzima hakukutosha kuyafanya makampuni hayo yawe na hatia chini ya sheria ile. Hukumu ni hukumu. Ila anayekuja sasa kuomba sauti ya mgonjwa wa Kapata, bure, kwa ajili ya kufundisha mashine yake, asishangae akiulizwa ataacha nini nyuma.

Kinachoweza kuachwa nyuma kinajulikana. Kuna programu zinazoweza kujenga sauti ya bandia inayofanana na ya mtu mwenyewe, ikiwa alirekodiwa kabla sauti haijaharibika. Apple iliweka kitu kama hicho kwenye simu zake mwaka 2023, ikianza na Kiingereza. Hawking hakupata nafasi hiyo. Mama wa Kolwezi anayejua leo kwamba mwaka ujao hatasema tena angeweza kurekodi kwa wiki mbili, ili siku ya ndoa ya binti yake simu imsomee aliyoyaandika kwa sauti inayotambulika kuwa ni yake. Kwa Kiswahili cha Katanga simu hiyo haipo. Anayetaka rekodi za hapa ajifunge kwamba itakuwepo.

Baadhi ya watu watauliza kama inchi yenye malaria, surua na kipindupindu inapaswa kushughulika na ugonjwa unaoshika wachache. Swali ni la haki. Wagonjwa wa SLA waliohesabiwa Afrika ni wachache kweli: utafiti wa TROPALS, uliotolewa mwaka 2019, ulikusanya wasiofika 200 kutoka inchi nane. Lakini uchache huo unasema pia juu ya wanaohesabu. Mgonjwa anayefia kwenye chumba cha maombi haingii kwenye daftari lolote. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba Waafrika wanashikwa wakiwa na umri mdogo kuliko watu wa Ulaya, yaani katika miaka ambayo mtu bado analipa shule za watoto. Na chombo chenyewe si cha ugonjwa mmoja. Chumba kimoja kisicho na kelele, simu nzuri, muuguzi aliyefundishwa: vinatumika kwa AVC, kwa Parkinson, kwa mtoto aliyezaliwa na shida ya kusema.

Chumba kisicho na kelele, hata hivyo, si kitu kidogo mjini humu. Jenereta ya jirani, kipaza sauti cha kanisa, lori la madini linalopita: mashine inayojifunza ni mjinga wa namna yake, itajifunza chochote inachopewa. Wagonjwa wakirekodiwa wote hospitalini chini ya feni, na wazima wote nyumbani kwao, itajifunza kutambua feni. Makosa ya namna hiyo yanajulikana sana kwa watu wa kazi hiyo, hasa pale ambapo rekodi ni chache. Kwa hiyo wanaohitajika si wahandisi tu. Anahitajika mtu wa kufunga dirisha.

Pesa ipo ao haipo? Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini ao sekta ambako madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwishoni mwa mwaka huo kobalti ikatangazwa kuwa madini ya maana ya pekee, na mrabaha wake ukapanda mpaka asilimia 10. Juu ya hayo, kila kampuni inatoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaoizunguka. Mtu anaweza kujibu kwamba kobalti ilizuiliwa kutoka mwezi wa pili 2025, kisha ikawekewa kipimo mwezi wa kumi, na kwamba mapato yanayumba. Ni kweli. Lakini kazi inayoombwa hapa haigharimu sawa na taa za barabara ya mjini. Inagharimu mshahara wa watu wachache, simu chache, na makubaliano kati ya jimbo, hospitali ya Mwangeji na chuo kikuu cha Lubumbashi. Wabunge wa jimbo wakiwa kwenye kikao cha bajeti wanaweza kuiandika kwenye mstari mmoja wa afya. Komini, ambazo zina fungu lao la 15, hazihitaji hata kungoja liwali.

Na mashine isingojwe. Mambo mengi yanayomsaidia mgonjwa hayahitaji programu. Anayepaliwa na maji anaweza kupewa uji mzito badala ya chai, akae wima anapokula. Ubao wa herufi unaweza kukatwa kwenye plastiki ngumu inayopitisha mwanga, mgonjwa akitazama herufi na mke wake akisoma macho yake upande wa pili. Kwa Kiswahili, ambacho karibu kila silabi inaisha na irabu, ubao wa silabi ungekwenda haraka kuliko ule wa Wafaransa. Fundi wa Musonoie anaweza kuukata kwa nusu siku.

Simu inaongeza muda. Kujua mwezi wa tatu badala ya mwezi wa tisa kunampa baba nafasi ya kusema parseli ni ya nani, deni liko wapi, karatasi za Gécamines za malipo ya uzee ziko kwenye sanduku gani. Kila mtu aliyekaa kwenye kilio anajua kinachotokea pale ambapo hayo hayakusemwa: wajomba wanakuja na kufuli, mjane anatolewa na vyombo vyake. Anayejua mapema anaweza pia kumwita mtoto aliyesingiziwa uchawi, mbele ya baba wakubwa wote, na kumwambia kwa sauti yake mwenyewe kwamba hakufanya kitu.